MAONI: Mashine kuukuu ya boti ichanganyiwe oili kwa mkono

Jumapili moja mwezi uliopita chama chetu nusura kivunjike, na wala si kwa sababu ya mtu kukwepa mchango. Tuligombania tenki la oili. Tenki lenyewe ni la plastiki, ukubwa wake kama mtungi mdogo wa maziwa.

Tulikuwa saba, tumekaa kwenye viti vya plastiki katika korti yetu hapa Buruburu Phase Three. Kwa msomaji asiyeujua mtaa huu, korti si mahakama. Ni nyumba zilizozunguka kiwanja kimoja, watoto katikati, magari pembeni. Mbele yetu kulikuwa na mashine ya boti ya nguvu-farasi 40, imefungwa kwenye fremu ya mbao. Ni kuukuu na rangi imebanduka, lakini ni yetu. Ilikula mia tano ya kila mtu, kila wiki, kwa karibu miaka miwili.

Najua unachowaza. Buruburu na boti wapi na wapi? Maji ya karibu nasi ni Mto Nairobi na Mto Ngong, na humo hakuna anayevua kitu cha kupelekwa mezani. Lakini uliza katika korti yoyote ya Eastlands, utaambiwa nusu ya watu kwao ni kwingine. Mamake mwenzetu mmoja ametoka Mbita, na huko mjomba wake ana boti ya kuvua. Mpango ni kwamba mashine iende ziwani, na mapato ya kila safari yagawanywe kati ya wavuvi, mwenye boti na sisi wenye mashine. Vijana wengi tumechoka kununua ploti tunazoziona kwenye picha tu. Tunataka kitu kinachonguruma.

Mzozo ulianza pale tulipofungua kifuniko. Mashine yetu ni ya mipigo miwili, ile mafundi wa mtaani huita tuu-stroki, na ina pampu inayojichotea oili na kuichanganya na petroli yenyewe. Wanne wakasema pampu iachwe ifanye kazi yake. “Ni otomatiki bana, si hayo ndiyo maendeleo?” Watatu, nikiwemo mimi, tukasema itolewe na oili ichanganywe kwa mkono mtungini, kama wafanyavyo wavuvi wengi wa ziwani na wa pwani. Tukaitwa washamba. Mimi nimezaliwa Buruburu, nimelelewa Buruburu, na siku hiyo niliitwa mshamba na mtu anayeogopa jongoo!

Nikueleze kwanza kwa nini oili ni jambo la kufa na kupona kwa injini hizi. Injini ya gari au ya bodaboda za siku hizi ina sehemu yake ya kuwekea oili, ambayo huzunguka humo ndani kwa miezi. Injini ya mipigo miwili haina. Oili yake huingia pamoja na petroli, hupita kwenye kranki na beringi, hulainisha pistoni, kisha huchomwa na kutoka kama moshi. Kila sekunde inahitaji oili mpya. Ukiikatia, chuma kinasugua chuma, joto linapanda, pistoni inavimba na kung’ang’ania silinda. Injini imenoki. Haichukui siku wala wiki; ikiwa inakimbia kwa kasi ya juu ni suala la dakika.

Nalijua hili kwa uchungu, na hapa itabidi nijianike. Miaka mitatu iliyopita mimi na jirani yangu tulinunua mashine ya kukata nyasi, ile ya kubeba begani. Tulikuwa tunazunguka korti kwa korti, kutoka upande wa Mumias South Road hadi kule Rabai Road, tukikata nyasi na kupunguza ua. Biashara ilikuwa nzuri, hasa baada ya mvua. Ile mashine pia ni ya mipigo miwili na haina pampu yoyote. Oili unachanganya mwenyewe. Asubuhi moja tulikuwa na haraka, mteja ana wageni saa sita. Mimi nilidhani mwenzangu ameshachanganya, naye alidhani mimi nimeshachanganya. Tulikata robo ya uwanja, ikalia mlio mwembamba ambao bado nausikia, halafu ikanyamaza. Fundi wa Kariobangi Light Industries aliifungua, akatuonyesha silinda iliyochubuka kama goti la mtoto, akatikisa kichwa.

Kwa hiyo usidhani nakuja hapa kukwambia kwamba mkono wa binadamu haukosei. Wangu ulikosea, na hasara nililipa mimi. Wenzangu wanne walinikumbusha kisa hicho Jumapili ile, na walikuwa na haki. Mmoja alisema pampu ingekuwepo siku ile, mashine ingekuwa hai mpaka leo.

Ni kweli. Na ndiyo sababu watu walioibuni waliibuni. Yamaha waliweka pampu ya oili kwenye pikipiki yao ya YA-6 mwaka 1964, wakaiita Autolube, na mfumo huo ukaja kuenea mpaka huku kwetu kwenye zile AG100 na DT ambazo maafisa wa mashambani walizipanda miaka na miaka. Kwenye mashine za boti, Johnson na Evinrude walileta pampu yao, VRO, mwaka 1984. Faida zake si porojo. Pampu hupunguza oili mashine inapotembea polepole na kuongeza inapokimbia. Ukichanganya kwa mkono, kipimo ni kimoja tu, uwe unakimbia au unasubiri. Hivyo mkono hutumia oili zaidi, hutoa moshi zaidi na huchafua plagi zaidi. Kwa ziwa letu hilo si jambo dogo, nami silipuuzi.

Lakini pikipiki ikikufia karibu na Emali unashuka na kuisukuma. Boti huwezi kuisukuma. Wavuvi wa omena hutoka usiku, wakati hakuna mbalamwezi, na taa zao. Ziwa Viktoria linajulikana kwa dhoruba za usiku na alfajiri, upepo unaoinuka ghafla na mawimbi yanayopanda kabla hujamaliza kukunja wavu. Mashine ndiyo inayowatoa pale. Ikinoki saa tisa usiku, kinachobaki ni makasia na maombi. Nikifikiria pampu yetu huwa sifikirii mia tano zangu tu. Namfikiria mjomba wa watu na vijana wanne walio naye.

Basi tulifanya jaribio, maana kelele haziwezi kuamua jambo la chuma. Mashine ilisafirishwa Mbita. Siku ya kwanza tulijaza mtungi wa lita 20 wa petroli ambayo tayari imechanganywa oili kwa mkono, pampu nayo tukaiacha kazini. Hapo injini inapata oili mara mbili, itatoa moshi lakini haitakufa. Kwenye tenki la oili tukabandika utepe mweupe sawasawa na usawa wa oili. Boti ikaenda, ikarudi. Kama oili imeshuka chini ya utepe, pampu inavuta. Kama haijasogea, pampu imekufa. Jaribio hili linagharimu utepe na subira tu, na kama umenunua mashine ya namna hii nakusihi usiingie majini kabla ya kulifanya.

Oili ilikuwa imeshuka. Pampu yetu inafanya kazi!

Simu zililia korti nzima. Niliambiwa nikubali yaishe. Lakini mimi sijabadili msimamo, na sababu yangu ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Sikuwahi kuuliza kama pampu inafanya kazi leo. Ninachouliza ni nani atakayeniambia siku itakapoacha. Waliounda mifumo hii walijua pampu inaweza kufa, ndiyo maana waliweka honi ya tahadhari. Oili ikiisha au isipopita, honi inalia, nahodha anazima mashine, injini inaokoka. Sasa nikuulize, honi hiyo iko wapi? Kwenye mashine nyingi haiko ndani ya mashine yenyewe. Iko kwenye kile kisanduku cha kuongozea kilichofungwa karibu na kiti cha nahodha, au kwenye nyaya zinazoelekea huko. Mashine inapong’olewa kwenye boti ya tajiri ng’ambo na kuuzwa peke yake, kisanduku hubaki huko. Huku inafungwa usukani wa mkono, inawashwa kwa kamba, na hakuna betri. Umenunua mwili, ukaacha sauti. Yetu ilikuja hivyo. Nilitafuta honi kwa mikono yangu, nikapata waya mbili zilizokatwa, zimefungwa kwa gundi nyeusi.

Ukiongeza umri wake utaelewa hofu yangu. Kuna pampu zinazozungushwa na gia ya plastiki iliyoshikana na kranki, na plastiki ikikaa miaka thelathini kwenye joto inakuwa kama biskuti. Mipira ya kupitishia oili hukauka na kupasuka, ikaanza kuvuta hewa. Maji yakiingia kwenye tenki la oili yanakaa chini, pale pale pampu inapovutia. Na mtu akiacha tenki likauke kabisa, halafu akajaza oili bila kutoa hewa kwenye mpira, pampu inazunguka vizuri tu ikisukuma upepo. Katika hali hizi zote mashine itawaka kama kawaida na itanguruma kama kawaida, mpaka dakika ile.

Vipuri navyo? Marekani ilipitisha kanuni za moshi wa mashine za boti mwaka 1996, zikaanza kufanya kazi kuanzia 1998, na zile za mipigo miwili za kabureta zikaanza kusukumwa nje ya soko lao. Kampuni ya OMC, iliyokuwa ikitengeneza Johnson na Evinrude, iliomba ulinzi wa kufilisika Desemba 2000, na Evinrude yenyewe iliacha kutengenezwa 2020. Huwezi kuteremka Kirinyaga Road ukapata pampu ya oili ya mashine kama hizo jinsi unavyopata beringi ya Probox. Utapata iliyotolewa kwenye mashine nyingine kuukuu, yenye umri ule ule na ugonjwa ule ule.

Linganisha na Yamaha Enduro, zile za nguvu-farasi 15 na 40 ambazo utaziona Lamu, utaziona Mbita. Hazina pampu ya oili. Unachanganya mtungini. Kampuni ile ile iliyoleta Autolube iliamua kwamba kwa kazi ngumu, mbali na karakana, mashine isiwe na kitu cha ziada kinachoweza kukufia kimyakimya. Kama huo ni ushamba, basi ushamba umetoka Japani.

Wenzangu wana hoja moja nzuri, na sitaikwepa. Wanasema vijana wa boti watatuibia: watapewa pesa za oili, watanunua nusu, iliyobaki waitie mfukoni. Au watapima kwa kifuniko cha soda. Hili la kifuniko ni la kweli, nimeliona kwa macho. Kifuniko cha chupa ya soda hubeba kama mililita tano. Mtu anakwambia “naweka kimoja kwa lita”, anadhani amefanya kazi, kumbe hicho ni kipimo cha 200 kwa 1.

Lakini fikiria vizuri. Pampu haimwondoi binadamu, inamhamisha tu. Lile tenki la oili halijijazi. Ni kijana yule yule atakayelijaza, na anaweza kutia oili ya gari ya kupimiwa kibandani, au asitie chochote. Na akikosea huko, hutaona. Kwenye mchanganyiko wa mkono kosa lina rangi. Oili nyingi za mipigo miwili zimetiwa rangi ya buluu, kijani au nyekundu kwa makusudi. Chota mchanganyiko kwenye chupa inayopitisha mwanga, uinue juani, uweke karibu na petroli tupu. Siku ile ya mashine yetu ya nyasi petroli ilikuwa na rangi yake ya kawaida kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua chupa. Ingetuchukua sekunde tano.

Basi fanya hivi kama umeshawishika. Anzia kwenye kijitabu cha mashine yako, maana vipimo vinatofautiana. Lakini kwa mashine nyingi za boti za aina hii utakuta 50 kwa 1. Hesabu yake ni mililita 20 kwa kila lita, kwa hiyo mtungi wa lita 20 unataka mililita 400. Andika 400 kwenye chupa ya kupimia kwa rangi isiyofutika. Ukizidisha hadi nusu lita umefika 40 kwa 1, utapata moshi kidogo na plagi itachafuka mapema. Hiyo ni hasara ndogo. Ukipunguza, unacheza na injini. Mimina petroli kidogo kwanza, tia oili, tikisa, ndipo ujaze mtungi. Usitie oili juu ya mtungi uliojaa ukidhani itajichanganya njiani. Changanya ya siku moja au mbili tu, na usiiweke nyumbani. Korti zetu zimebanana na jiko la jirani liko hatua tatu.

Oili yenyewe iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Ya pikipiki imetengenezewa injini inayopozwa kwa hewa, ya boti inapozwa kwa maji, na hazibadilishani hivi hivi. Ile ya gari sahau kabisa.

Na hapa nakuomba uwe makini zaidi kuliko popote, kwa sababu nimesikia mafundi wakisema “ng’oa tu mpira, funga na waya”. Hapana. Mahali oili ilipokuwa inaingia pakibaki wazi, injini inavuta hewa, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, na unarudi kwenye kunoki kwa njia ya mkato. Paziwe kwa kizibo kinachofaa. Pampu inayozungushwa na gia isiachwe ikizunguka kavu, itatolewa na nafasi yake ifunikwe. Na kuna mashine, zile za VRO zikiwemo, ambazo pampu ya oili na ya petroli ni kitu kimoja. Hapo itabidi ufunge pampu ya kawaida ya petroli. Mpe kazi hiyo fundi anayejua, na umlipe bila kunung’unika.

Halafu toa lile tenki la oili kabisa. Usiliache pale kama pambo. Siku utakapoiuza mashine, mnunuzi atafungua kifuniko, ataona tenki lina oili, atatia petroli tupu na kwenda zake akijua pampu ipo. Umemuua mashine, pengine umemuua yeye. Paka rangi juu ya kifuniko, herufi kubwa: CHANGANYA 50 KWA 1.

Kuna msomaji atakayesema tungenunua injini mpya ya mipigo minne, haina haya mambo, haichafui maji. Ndugu yangu, najua. Nipe pesa.

Na kama mashine yako ya pampu ilikuja nzima, na kisanduku chake, na betri, na honi umeisikia ikilia kwa masikio yako, na anayeiendesha ndiye mwenye mali, sina ugomvi nawe. Iache. Badilisha mipira, kagua tenki kila asubuhi. Mimi nasema na wewe uliye kama sisi, uliyenunua bila kisanduku, na utakuwa umelala Buruburu wakati mtu mwingine yuko katikati ya ziwa.

Mjomba mwenyewe, tulipomuuliza kwa simu, hakuwa na maneno mengi. Alisema yeye hana shida na pampu, ila anataka kuona rangi ya oili kabla hajasukuma boti. Wanne walisema hiyo si kura. Kura ni Jumapili hii saa nane, kwenye viti vile vile. Nimeshanunua chupa ya kupimia na kopo dogo la rangi nyekundu, na mmoja wa wale wanne ameniuliza, kwa sauti ya chini, iligharimu pesa ngapi.